Fimbo ya Shaba na Kitalu cha Vitunguu

Ile fimbo ya shaba ilining'inia msumarini miaka miwili bila kutoa tone la maji. Nilipewa fimbo hiyo siku ya mwisho ya kazi yangu katika nyumba moja ya wageni hapa Palma, ambako nilikuwa mtunza bustani. Bibi mwenye nyumba, mtu wa nchi ya mbali, alikuwa akifunga mizigo, na kila kisichoingia sandukuni alikigawa kwa wafanyakazi. Mpishi alipata masufuria. Mlinzi alipata godoro. Mimi nilipata fimbo ya kunyunyizia: bomba jembamba la shaba nyekundu, refu kuliko mkono wangu, limepinda shingoni na kuishia na kichwa bapa chenye matundu madogo madogo, kana kwamba mtu aliyatoboa kwa sindano ya kushonea. Pale kazini, ukiifunga kwenye mpira wake wa maji, ilinyunyiza laini mno. Yalitua juu ya jani na jani lisitikisike. Mpira wake ulibaki kule. Sikuuomba, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Niliipeleka nyumbani begani kama askari na bunduki yake. Mke wangu akaitazama juu mpaka chini.

"Hii ndiyo pensheni?"

"Hiyo ni shaba tupu," nikamwambia. "Itakumwagilia vitunguu vyako mpaka uzeeke."

"Haya, Sultani. Kwanza kaniletee kuni."

Vitunguu vilikuwa vyake kweli. Mimi nilitunza maua ya watu. Yeye alikuwa na kitalu chake nyuma ya jiko, na kila masika yakiisha alisia mbegu, miche ikikua ikachukuliwa na wanawake wenye mashamba ya bondeni. Mche mchanga wa kitunguu ni kama unywele. Maji mazito yakiupiga hulala, na ukishalala hauinuki. Kwa hiyo alichovya ufagio wa chelewa katika ndoo, akaukung'uta juu ya tuta, safu moja baada ya nyingine, mgongo umepinda, asubuhi na alasiri. Nilipomwona anajishika kiuno nilimwahidi kwamba kesho nitaifunga fimbo. Nilijaribu mara moja tu. Mdomo wa fimbo ulikuwa mpana, una mikato ya hesi ambayo hakuna duka la hapa lililokuwa na nati yake, na mpira wetu wa maji ulikuwa mwembamba, ule wa kijani unaouzwa kila mahali. Maji yakamwagika miguuni mwangu, nikakasirika, nikaitundika. Kesho hiyo ikachukua miaka miwili.

Alisia mbegu Jumatatu. Ijumaa tukamzika. Alikuwa na presha, na siku hiyo alilalamika kichwa, akakaa kizingitini kwa mama yake, akaegemea ukuta kama mtu anayepumzika. Nilipofika kutoka kibaruani walikuwa wamekwisha kumlaza mkekani na kumfunika.

Mimi si mtu wa Palma. Kwetu ni upande wa pili wa Ruvuma. Nilivuka nikiwa kijana na biashara ya vitenge, nikaoa hapa, nikasahau vitenge. Na kwa watu wa mke wangu anayehama ni mwanamume. Nyumba ni ya mwanamke na mama yake. Unaingia na begi lako, na mke akifa, ikiwa hamkupata mtoto, siku ya arobaini unavishwa nguo mpya, unashukuriwa, unatoka na begi lako. Hakuna ugomvi na hakuna anayekufukuza. Wapo walioambiwa wabaki kwa kuwa walionekana watu wa kufaa. Sisi hatukujaaliwa mtoto. Niliishi katika ua ule miaka kumi na tisa, vita vilipokuja tuliukimbia pamoja na tukaurudia pamoja, na nilitaka kubaki. Nalisema sasa waziwazi kwa sababu wakati ule sikumwambia mtu. Wazazi wangu walikwisha kufa, na ndugu zangu tulijuana kwa simu za sikukuu. Mahali ambapo mtu angejua kuwa mimi situmii sukari palikuwa hapo uani tu, na aliyejua alikuwa amezikwa.

Halafu kuna mama mkwe. Kwao mkwe mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawasemezani, hawali pamoja, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Unachotaka kumpa unakiweka chini, unarudi nyuma, ndipo anakiokota. Hiyo si chuki, ni heshima, na kadiri mnavyopendana ndivyo mnavyoikaza. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikiujua mgongo wake, visigino vyake na kikohozi chake. Uso wake niliuona kwa bahati mbaya mara mbili tatu, nikageuka upesi. Maneno yetu aliyabeba mke wangu. Mama yake alikuwa hatua nne kutoka nilipo, lakini mke wangu alisimama katikati na kusema: "Mama anauliza kama umekula." Nami nikasema: "Mwambie nimekula, ahsante." Naye, bila kugeuza hata shingo: "Anasema amekula." Tulicheka sana juu ya jambo hili tukiwa chumbani.

Watu wa matanga walipokunja mikeka yao na kuondoka, ua mzima ulibaki na watu wawili wasioruhusiwa kusemezana. Mama mkwe alipika, akaweka sahani yangu juu ya kinu kilichofudikizwa, akakohoa, akaingia ndani. Mimi nilitoka, nikachukua, nikala peke yangu chumbani, nikaosha sahani na kuirudisha juu ya kinu. Kikohozi kile kilikuwa sauti pekee ya mtu niliyoisikia kutwa nzima. Sijawahi kuwa mpweke kama wakati ule, na nimewahi kulala porini siku nyingi bila kujua kama kuna mtu mwingine aliye hai.

Siku ya tano alianza kusema na kuku.

"Kuku nyie," nikamsikia kutoka upande wa jiko, "mwambieni huyo bwana kwamba wali wake unapoa."

Nilisimama chumbani na shati mkononi. Sikujua kama naruhusiwa kujibu. Mwishowe nikasema kupitia dirishani: "Kuku, semeni nakuja, na semeni ahsante." Jogoo akatutazama sote wawili kwa zamu. Hapakuwa na aliyecheka.

Mbegu zilichipua siku ya nane. Nilitoka kutawadha nikaziona, uzi mwembamba wa kijani juu ya mchanga, na nikajua kwamba zimekunywa maji ya mwisho aliyozinyunyizia yeye na umande uliofuata, na kwamba kuanzia hapo ni mimi. Hapo hapo wazo likanijia, na sitalisingizia uzuri: kama ningeifikisha miche ile kwenye arobaini ikiwa hai, ingeonekana. Mjomba wa marehemu angekuja kutoka Olumbi, maana kwao mjomba ndiye msemaji wa ukoo, na angeikuta. Angesema huyu ni mtu wa kufaa. Miche ya vitunguu hukaa kitaluni kiasi cha siku arobaini na tano kabla ya kuhamishwa. Ilikuwa kama mke wangu ameipanga.

Nilianza na ufagio wake. Mkono wangu haukuwa na ule mkung'uto. Nilizoea maua ya wageni, mpira mkononi, maji mengi. Matone yalianguka makubwa. Nikachukua kopo la maziwa, nikalitoboa kwa msumari, nikalifanya la kumwagilia. Likatoa maji kwa haraka na kwa nguvu, na mimi nikajisifu kwamba kazi imekwenda mbio.

"Kuku nyie!" mama mkwe akapaza sauti asubuhi ile kutoka mlangoni kwake, mgongo kwangu. "Mnaua miche! Kuku nyie hamna akili!"

Nikaamini ni kuku. Nilitumia siku mbili kuzungushia kitalu wigo wa miti na makuti, nikaufunga kamba vizuri, na kila asubuhi nikaendelea kumwagilia kwa kopo ndani ya wigo wangu. Yeye aliendelea kuwakaripia kuku, kila siku kwa ukali zaidi, na mimi nikaendelea kuuinua wigo. Ulipofika kifuani ndipo nikaona kwamba theluthi ya miche imelala chini, imebandikwa mchangani na maji yangu mwenyewe, na kwamba hakuna ukucha wa kuku popote. Mwanamke wa watu alikuwa ananiambia siku zote hizo, kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na mimi nilikuwa napigilia miti. Niliona aibu hata sahani ya mchana ikakaa juu ya kinu mpaka ikapoa.

Ndipo nikaishusha fimbo.

Jaribio la kwanza lilikuwa la tyubu ya baiskeli. Nilikata ukanda mrefu, nikauzungusha kwenye mdomo wa fimbo na mpira wa maji kwa pamoja, nikavuta mpaka mishipa ikanitoka. Ilishika kwa muda wa kusema bismillahi, kisha mpira ukachomoka na kunipiga kidevuni. Jaribio la pili nilichonga kizibo cha mti wa mkoko, nikakitoboa katikati kwa chuma cha moto, nikakipachika. Kilivimba kikapasuka. Siku ya tatu nilikaa na fimbo mapajani na nikaitukana kwa Kiswahili, na matusi yalipoisha nikaazima ya Kireno, kwa sababu ndiyo lugha niliyoisikia kwa wasimamizi wa kazi wanapotukana.

Asubuhi iliyofuata, pembeni ya sahani yangu juu ya kinu, palikuwa na stovu kuukuu ya pampu, ya mafuta ya taa. Niliijua. Mke wangu aliniambia kwamba mama yake aliolewa nayo, na iliharibika kabla mimi sijaja, lakini hakukubali itupwe. Hapakuwa na neno, hata kwa kuku. Niliigeuza geuza. Nikauchomoa mrija wa pampu, ule wa shaba ya njano, nikaupima kwenye mpira wa kijani. Ulikuwa mnene kidogo tu kuliko tundu la mpira. Nikaupima kwenye bomba la fimbo, juu ya mdomo, na bomba likaingia ndani ya mrija likibakiza nafasi ya karatasi.

Nilivipeleka vyote kwa fundi wa bati, Mmakonde aliyeshuka kutoka nyanda za juu, ambaye hutengeneza ndoo na makarai karibu na soko. Akaitazama fimbo kwa heshima.

"Mdomo huu lazima ukatwe, mzee."

"Usikatwe. Ni wa asili yake."

"Asili yake iko wapi? Manguera yako, huo mpira, ni ya hapa." Akaniwekea msumeno mkononi. "Kata mwenyewe, usije ukanilaumu."

Nilikata. Mdomo wenye hesi za kigeni ukaanguka mchangani. Fundi akakwangua shaba mpaka ikang'aa, akaiweka juu ya mkaa, akavuvia, akagusisha lehemu, nayo ikazunguka kiungo yenyewe na kuingia katika ule upenyo mwembamba kati ya fimbo na mrija. Aliniambia nisiiguse mpaka aseme. Niliigusa. Kovu ninalo bado.

"Pasyensia, mzee, vumilia," akasema bila kucheka. Aliuliza ni kazi ya nani. Nikasema ya mke wangu.

Nyumbani nilichemsha maji, nikachovya ncha ya mpira wa kijani mpaka ikalainika, nikaisukuma juu ya mrija wa pampu. Ikapanda kwa shida na ilipopoa ikabana kiasi kwamba hata leo sidhani kuna mtu anaweza kuivua bila kisu. Nikafungulia maji ya pipa letu la uani. Kiungo hakikuvuja. Lakini kwenye kichwa cha fimbo maji yalitoka kama makamasi, matone matatu, kisha basi.

Pipa lilikuwa chini, na matundu yale madogo yalitaka maji yenye msukumo. Nikajenga jukwaa la boriti, refu kunizidi kimo, nikapandisha pipa juu yake, na kulijaza ikawa ndoo kumi na mbili kila siku, ngazi juu ngazi chini. Halafu matundu yakaziba kwa takataka za kisima. Nilihitaji kitambaa laini cha kuchujia. Kanga za mke wangu zilikuwa pale pale sandukuni, laini, zimefuliwa miaka mingi, lakini nguo za marehemu haziguswi mpaka ukoo ugawane siku ya arobaini, na hata zingeguswa nisingeweza. Nikakata fulana yangu ya ndani, nikaifunga kwenye bomba la pipa.

Alasiri ile ikafanya kazi. Siyo kwa kishindo. Niliinua fimbo, nikaielekeza juu kidogo, na maji yakatoka bila sauti, laini, yakaelea hewani kidogo kabla ya kushuka, na miche ikayapokea imesimama. Nilipita tuta lote. Hakuna hata mmoja uliolala. Nikageuka kuelekea jikoni na kupaza sauti:

"Njoo uone! Njoo uone mwenyewe!"

Nilikuwa nimekwisha kusema ndipo nikakumbuka. Nililia hapo hapo, mtu mzima na fimbo yake, nikimwagilia mahali pamoja mpaka mchanga ukawa tope. Nilikuwa na miaka miwili ya kuifanya kazi hii. Ilihitaji stovu moja mbovu na siku moja kwa fundi. Mgongo wake ungepumzika miaka miwili.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Mama mkwe alikuwa ametoka, amesimama karibu na kinu, amenipa mgongo, upande wa kanga umefunika kichwa.

"Kuku," akasema polepole, "leo kumenyesha na mawingu hatukuyaona."

"Kuku," nikajibu, "waambieni wenye stovu Mungu awalipe."

Tangu siku ile alitoa kigoda chake mlangoni kila nilipomwagilia, akakaa na mgongo wake kwangu mpaka nimalize. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa si kitu. Kwangu lilikuwa ndilo lililonitoa kitandani. Nilijua yupo, naye alijua nipo, na maji yale hayakuwa na sauti ya kutuficha. Nyakati nyingine nilimsikia akivuta pumzi kama anataka kuanza maneno. Alivuta, akakaa nazo, kisha akazitoa taratibu. Mimi pia nilikuwa na maneno. Nilitaka aniambie mke wangu alikuwaje utotoni. Nilitaka kumwambia kwamba siku ile ya kizingiti nilichelewa kwa sababu ya mazungumzo ya kipuuzi njiani na watu nisiowajali. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye jambo hilo lilimhusu.

Miche ikapanda mpaka kimo cha kidole, kisha cha kiganja. Wanawake wa bondeni wakaanza kuchungulia juu ya wigo na kuuliza lini. Mimi nilikuwa na mipango mingine. Nyuma ya kitalu nikalima matuta matatu mapya, ya kuhamishia sehemu ya miche hapo hapo uani, kwa sababu mtu anayepanda vitunguu anakusudia kuwepo vikivunwa. Nilitaka ionekane. Jioni moja nikakuta gunia la samadi ya mbuzi limewekwa kwenye ncha ya tuta la kwanza. Ni mama mkwe aliyelileta. Alama za visigino vyake niliziona mchangani. Gunia lile nikalihesabu kuwa jibu. Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba, na asubuhi nikajikuta nanyoa ndevu.

Siku ya arobaini mjomba alifika kutoka Olumbi na gari la asubuhi, pamoja na ndugu wachache. Hitima ikasomwa, pilau ikaliwa, sanduku la nguo likafunguliwa ndani na wanawake wakagawana. Nilisikia kufuli likianguka, nikatazama pengine. Kisha mjomba akaniomba nimwonyeshe kitalu. Alizunguka tuta mikono nyuma. Akainama, akagusa miche kwa nyuma ya kiganja.

"Kazi safi, mkwe. Safi kabisa. Dada ameniambia yote."

Akaniongoza mpaka barazani, akanivisha shati jipya jeupe mbele ya watu, akaniwekea kofia mpya kichwani.

"Umekaa nasi kwa wema," akasema. "Umemtunza binti yetu, na baada yake umetunza kazi yake. Hatukudai kitu, na wewe usitudai kitu. Tumekuachia radhi."

Watu wakaitikia amina. Nami nikaitikia. Nilikuwa nangoja sentensi inayofuata, ile wanayoambiwa watu wa kufaa, na mjomba alikuwa amekwisha kukaa na kuomba maji ya kunywa. Nikajiambia labda atasema faragha. Nikajiambia labda kwao haisemwi mbele ya watu. Mtu anayetaka kitu hakosi sababu za kungoja. Watu wakaondoka mmoja mmoja, mjomba akaenda kusalimia jamaa zake mtaa wa pili, na saa ya kumwagilia ikafika. Nikavua shati jipya nisililoweshe, nikapanda ngazi na ndoo zangu kumi na mbili.

Nilikuwa nimefika katikati ya tuta niliposikia hatua. Hazikuishia kwenye kigoda. Zilikuja mpaka ndani ya wigo. Nikainamisha macho kama ilivyo ada, nikaona visigino, na mara hii vidole vya miguu vilielekea kwangu.

"Nipe hiyo," akasema mama mkwe.

Hakusema na kuku. Nilidhani amechoka, au amechanganyikiwa kwa shughuli za siku. Nikafanya nilivyofanya miaka kumi na tisa: nikaiweka fimbo chini taratibu juu ya ukingo wa tuta, nikarudi nyuma hatua mbili, nikageuza uso ili aokote.

Hakuokota. Maji yalinyunyiza mchanga mtupu kati yetu.

"Iokote," akasema. "Nipe mkononi."

Sikusogea. Nilielewa, na sikutaka kuelewa. Mama mkwe hapokei kitu mkononi mwa mkwe wake. Hupokea mkononi mwa mpita njia, mwa mwenye duka, mwa mtu baki yeyote. Nilikuwa nimesubiri sentensi kutoka barazani, kumbe nilikuwa nimekwisha kuisikia, na imekamilika.

Nikaokota fimbo, nikanyoosha mkono, naye akaipokea. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Nitazame basi," akasema. "Sasa si vibaya."

Nikainua uso. Alikuwa mwanamke mzee wa kawaida, amelia mchana kutwa. Lakini nyusi zilikuwa zile zile, moja imeinuka kidogo kuliko mwenzake kama anayetaka kukutania, na pale chini ya mdomo pana ule mkunjo ambao nilikuwa nauona kila asubuhi juu ya mto. Miaka yote hiyo uso wa mke wangu ulikuwa umekaa hatua nne kutoka kwangu, nami nimeupa mgongo. Siku arobaini nzima nilizodhani sitauona tena, ulikuwa mlangoni pale kwenye kigoda, umeelekea ukutani.

"Ningekuwa na binti mwingine usingetoka humu," akasema. "Nilimwambia kaka. Lakini sina, na wewe hujaacha mtoto humu wa kukuita baba. Hatujui tungekuita nani."

"Na samadi, mama?"

"Samadi ni ya vitunguu, mwanangu."

Neno hilo hakuwahi kuniita. Akaishika fimbo kwa mikono miwili, kama mchi, akaielekeza chini moja kwa moja, na miche ya mbele yake ikaanza kutetema.

"Nionyeshe. Kesho nitakuwa peke yangu nayo."

Nikamshika kifundo cha mkono, nikakiinua kidogo. Nikamweleza kwamba fulana ya kwenye bomba ifuliwe kila siku ya tatu, kwamba maji yaelekezwe juu ili yaanguke yenyewe, kwamba asisimame mahali pamoja. Akauliza kama hivi. Nikasema hivyo hivyo. Tukaenda safu kwa safu, bega kwa bega. Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya maneno ya kumwambia, naye vilevile, na tulikuwa na alasiri hiyo moja. Tukazungumza habari za vitunguu mpaka pipa likakauka.